Daftari la baba na wale wa pili wote

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024 nilimpeleka mwanangu kunyolewa, saluni ya hapa mtaani kwetu Mbezi, na tivii ya ukutani ilikuwa inaonyesha marathoni ya Olimpiki ya Paris. Kinyozi ananyoa huku shingo imegeukia tivii. Wanaume waliokuwa kwenye benchi wanasubiri zamu yao nao wanaangalia, ila ule uangaliaji wa mtu anayengoja mpira uanze. Yule Muethiopia, Tamirat Tola, akashinda kwa saa 2:06:26, rekodi mpya ya Olimpiki, halafu wengine wakaanza kuingia mmoja mmoja, na Alphonce Simbu wetu akaja kuwa wa 17. Kaka mmoja pale kwenye benchi akasema, na wala hakusema kwa ubaya, "Aah, sisi si huwa tunaenda kumaliza tu. Kama yule mzee wa Mexico." Watu wakaitikia, kinyozi akaitikia, mwingine akaimalizia na ile sentensi yenyewe kwamba nchi yangu haikunituma nije kuanza mbio, ilinituma nije kumaliza. Wakacheka kidogo, wakahamia kwenye usajili wa Simba na Yanga.

Mimi nikabaki na kitu kimenikwama kooni. Kwetu ni Mbulu. Yule mzee wa Mexico, John Stephen Akhwari, ni wa Mbulu, jina lake nimelisikia kabla sijajua Dodoma iko wapi, na nilivyolisikia nyumbani sivyo kabisa linavyosemwa saluni. Nilitaka kusema kitu siku ile nikashindwa maana nilijua nikianza sitamaliza kabla mtoto hajanyolewa. Sasa ngoja niseme.

Baba yangu alikuwa mkimbiaji wa wilaya. Hakuvuka mkoa. Alikimbia enzi zile za mashindano ya viwanjani, nyasi zimefyekwa asubuhi ile ile, mistari imechorwa kwa majivu, na alipoacha kukimbia akabaki na ugonjwa mmoja, wa kuandika muda. Ana kaunta buku moja kubwa, jalada limeshikiliwa na mpira wa baiskeli, na humo ndani kuna jina la mtu, mji, mwaka, nafasi aliyoshika na muda aliotumia. Alikuwa anaandika anachosikia redioni, zile siku betri zinaanikwa juani ili jioni zipate nguvu ya taarifa ya habari, na anachosoma kwenye gazeti ambalo likifika Mbulu lina siku zake kadhaa. Kitu nilichokigundua nikiwa mkubwa ni kwamba humo ndani hajaandika neno dhahabu hata mara moja, wala fedha, wala shaba. Nafasi na muda, basi. Na karibu kila alipoandika wa kwanza aliandika na wa pili. Nilipomuuliza kwa nini, akasema mtu akikuambia Fulani kashinda bila kukuambia kamshinda nani kwa kiasi gani, hajakuambia kitu.

Ukurasa wa mwaka 1968 uko hivi. Mexico City, tarehe 20 Oktoba. Wa 1, Mamo Wolde, Ethiopia, 2:20:26. Halafu ameruka mistari, amekuja chini kabisa, wa 57, Akhwari, 3:25:27.

Habari yenyewe wengi mnaijua lakini naomba niipitie taratibu maana watu wanapita nayo haraka. Mexico City iko mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi. Akhwari hakuwa amejifua kwa mwinuko ule, misuli ikaanza kukaza njiani. Kwenye kilomita ya 19 hivi, watu wanagombea nafasi, akagongana na wenzake akaanguka, goti likateguka na bega likapiga chini. Hapo hata nusu ya safari bado. Waliokuwa wameanza ni 75, waliomaliza ni 57, maana yake watu 18 waliacha. Akafungwa bandeji akaendelea. Wolde ameshamaliza, medali zimeshavalishwa, jua limeshazama, uwanjani wamebaki watu elfu chache tu, ndipo habari ikafika kwamba kuna mmoja bado yuko barabarani, na wapiga picha wakarudishwa kwenda kumpokea. Akaingia anachechemea, bandeji inaning'inia, akazunguka uwanja akavuka mstari. Alipoulizwa kwa nini hakuacha ndipo akasema yale maneno, kwamba nchi yangu haikunituma maili 5,000 nije kuanza mbio, ilinituma maili 5,000 nije kumaliza.

Sasa mtu anayesema hivyo amekwenda kushiriki tu? Jiulize alikuwa anafanya nini kilomita ya 19 mpaka akagongana na watu. Alikuwa anagombea nafasi! Mtu aliyekwenda kumaliza tu hukaa nyuma kwenye usalama wake, anakunywa maji, anapunga mkono. Akhwari aliumia kwa sababu alikuwa kwenye kundi la watu wanaotaka kushinda na yeye ni mmoja wao.

Halafu funua ukurasa unaofuata wa baba, huu ndio ambao sijawahi kumsikia mtu anautaja. Edinburgh 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wa 1, Ron Hill wa Uingereza, 2:09:28. Wa 5, Akhwari, 2:15:05. Miaka 2 tu baada ya Mexico, goti lile lile, mtu wa tano kwenye Madola! Na ili ujue 2:15:05 ni kitu gani, miaka 8 baadaye kwenye Madola ya Edmonton, 1978, Mtanzania mwingine Gidamis Shahanga alishinda marathoni na kuchukua dhahabu kwa 2:15:39. Najua njia si moja na hali ya hewa si moja, lakini huyo ndiye mzee wa Mexico, mtu ambaye muda wake wa Edinburgh ni mzuri kuliko muda uliotupa dhahabu Edmonton. Sisi tumemchukua siku yake mbaya kuliko zote tukaifanya ndiyo yeye. Tena tumeigeuza kuwa mto wa kulalia. Kila timu ikirudi mikono mitupu tunalaza kichwa hapo.

Na kitu kingine. Ukilisoma daftari la baba kwa kufuata Watanzania tu, hukutani na nchi ya watu wa mwisho. Unakutana na nchi ya watu wa pili. Mimi niliona hivyo siku moja nimelala kitandani kwake namfunulia kurasa maana macho yake sasa hivi yana ukungu, nikaanza kuhesabu, nikapata uchungu fulani ambao sijui niuitaje.

Tuanze na Filbert Bayi, kijana wa Karatu, jirani zetu. Yeye kwanza alikuwa wa kwanza. Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1500 ya Madola, akatoka mbele toka mlio wa bastola na hakumpisha mtu mpaka mwisho, 3:32.16, rekodi ya dunia. Nyuma yake John Walker, mwenye nchi, naye akavunja rekodi ya zamani na bado akawa wa pili. Mwaka uliofuata Bayi akachukua na rekodi ya maili, Kingston, Jamaica, 3:51.0. Dunia nzima ikawa inasubiri Olimpiki ya Montreal 1976 iwaone hao wawili tena. Hawakuonana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka ule ule watoto wa shule wanapigwa risasi Soweto, na New Zealand haikufungiwa, kwa hiyo nchi nyingi za Afrika zikasusa, Tanzania ikiwemo. Walker akashinda Montreal kwa 3:39.17. Baba kwenye daftari ameuandika muda huo, halafu pembeni ameandika 3:32.16 akaizungushia duara. Hakuandika neno lolote.

Mimi sisemi tulikosea kususa. Nilishawahi kubishana na mtu kazini juu ya hili na bado nasimama pale pale, watoto wa Soweto walikuwa wanakufa, mtu mwenye utu asingeingia uwanjani kama vile hakuna kitu. Ila nataka watu wajue bei yake ililipwa na nani. Ililipwa na kijana wa miaka 23 kwa miguu yake iliyokuwa kwenye ubora wake wote.

Halafu Moscow 1980. Hii nayo ina kisa chake. Marekani ilitaka dunia isusie kwa sababu ya Warusi kuingia Afghanistan, na Rais Carter akamtuma Muhammad Ali, bondia, aje Afrika kushawishi. Kituo cha kwanza Dar es Salaam, mwezi wa pili mwaka 1980. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wa hapa wakamuuliza Ali mbona Marekani hamkusimama na sisi mwaka 1976, na Ali mwenyewe akaanza kuona mzigo aliobebeshwa una kasoro. Kenya wakasusa. Sisi tukaenda. Na ndani ya siku 2 mfululizo tukapata medali zetu 2 za Olimpiki, ambazo mpaka leo naandika hapa ndizo pekee tulizonazo.

Ya kwanza Bayi, lakini safari hii mita 3000 kuruka viunzi na maji, maana alikuwa amehama mbio. Akafanya kile kile, akatoka mbele, akawaacha mbali, na kwenye mzunguko wa mwisho Mpolandi Bronisław Malinowski akamfikia. 8:09.70 kwa 8:12.48. Wa pili. Kesho yake Suleiman Nyambui, mtu wa Majita kule Musoma, mita 5000, akamalizana na Miruts Yifter wa Ethiopia, 13:20.91 kwa 13:21.60. Chini ya sekunde moja. Wa pili.

Moscow ile ile tulikuwa na timu ya mpira wa magongo ya wanaume. Wengi hawajui. Nchi nyingi zilisusa nafasi zikabaki wazi, tukaingia, na India wakatufunga 18-0 na mechi zote tulifungwa. Sioni aibu kuitaja. Wale vijana walikuwa wanakutana na India, taifa ambalo magongo kwao ni kama mpira kwetu, na ndio waliochukua dhahabu mwaka ule, na bado walirudi uwanjani. Sawa, huo nao ni umalizaji. Lakini msafara ule ule wa Moscow ndio uliotoka na fedha 2, na sisi tukasahau zote, hizo 18 na hizo 2, tukabaki na sentensi moja ya mwaka 1968.

Baada ya hapo daftari linaingia miaka ya Juma Ikangaa, na hapa mwandiko wa baba unakuwa mdogo mdogo maana kurasa zilianza kumwishia. Brisbane 1982, Madola, marathoni, Rob de Castella wa Australia 2:09:18, Ikangaa 2:09:30. Wa pili. Michezo ile ile Shahanga akashinda mita 10,000, hiyo tuishangilie. Los Angeles 1984 Ikangaa wa 6, Seoul 1988 wa 7. Boston 1988, hii si ya timu ya taifa lakini baba kaiandika hivyo hivyo, Ibrahim Hussein wa Kenya 2:08:43, Ikangaa 2:08:44. Sekunde 1! Kilomita 42 na ushee, saa mbili na zaidi, mnaachana kwa muda wa kupiga chafya. Boston 1989 tena wa pili. Boston 1990 tena wa pili. Mtu alikuwa wa pili mara 3 mfululizo pale pale, na katikati ya hayo, Novemba 1989, akaenda New York akashinda kwa 2:08:01.

Sitawamalizia kurasa zote, ila Christopher Isengwe, Helsinki 2005, ubingwa wa dunia, wa pili. Gabriel Geay, Boston 2023, wa pili kwa 2:06:04, siku ambayo Eliud Kipchoge mwenyewe alikuwa wa 6. Simbu, Birmingham 2022, Madola, wa pili nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda. Ile timu ya Birmingham ilirudi na medali 3, ya Simbu na za mabondia wawili, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe, shaba, na nakumbuka nilisoma habari ile kwenye daladala nikatamani kumwambia konda.

Wapo na walioshinda, jamani, sitaki nionekane nawasahau. Francis Naali, dhahabu ya marathoni Manchester 2002. Samson Ramadhani, dhahabu ya marathoni Melbourne 2006. Michael Yombayomba, ngumi, dhahabu Kuala Lumpur 1998. Muulize mtoto wa sekondari leo hao watu watatu ni nani. Mimi niliuliza darasa zima la kidato cha pili kwenye shule anayofundisha rafiki yangu. Akhwari alijulikana na wanafunzi wanne. Hao wengine, hakuna.

Na wanawake je? Mimi ni mwanamke na nilikimbia kwa hiyo hapa lazima nisimame kidogo. Mwaka 1965, michezo ya kwanza ya Afrika nzima pale Brazzaville, Theresia Dismas alipata medali ya fedha ya kurusha mkuki. 1965! Nchi ina mwaka mmoja na kitu toka Muungano na mwanamke kashasimama jukwaani. Na tena ni wa pili, mnaona? Miaka mingi baadaye, Berlin 2023, Magdalena Shauri akawa wa 3 kwa 2:18:41, rekodi ya taifa, akiwa kwenye mashindano ambayo Tigist Assefa alivunja rekodi ya dunia. Mzee Ikangaa yeye, toka 2017, amekuwa kwenye lile shindano la wasichana la Ladies First pamoja na Wajapani wa JICA, shirika lao la misaada, na kwa hilo mimi namheshimu kuliko hata kwa New York, maana kuna mtu mmoja aliona wasichana wanapotelea wapi.

Wanapotelea wapi? Nitasema ya kwangu. Nikiwa kidato cha tatu nilishinda mita 3000 kwenye UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, nikafika mkoa nikawa wa pili (ndiyo, wa pili), nikachaguliwa timu ya mkoa. Nikaaga nyumbani, mama akanipikia, baba akanipa raba zake alizokuwa amezitunza, nikaweka makaratasi mbele ya vidole zinitoshe. Siku ya safari ikatoka taarifa kwamba nafasi kwenye gari hazitoshi, timu inapunguzwa, na wanaopunguzwa kwanza ni riadha. Mpira wote walienda, na wa akiba. Tulibaki wasichana watano na mvulana mmoja tumekaa juu ya mabegi yetu chini ya mti mpaka mchana. Sitaji ofisi wala mtu, na walioamua inawezekana waliona ni hesabu ya nauli tu. Lakini kati ya wale watano kulikuwa na binti mmoja wa Dongobesh ambaye mimi sijawahi kumkaribia hata mazoezini, alikuwa anakimbia kama amesahau kwamba kuna kuchoka, na mwaka uliofuata aliolewa. Nikisikia watu wanauliza mbona Kenya wanaweza na sisi hatuwezi na milima ni ile ile, mimi namuona yule binti juu ya begi lake.

Maana watu wanadhani Olimpiki ni kuchagua vijana wazuri na kuwapandisha ndege. Siku hizi kuna viwango. Kwa Paris mwanaume wa marathoni alitakiwa awe na 2:08:10, mwanamke 2:26:50, au awe juu vya kutosha kwenye orodha ya dunia, na kila nchi mwisho watu 3. Timu yetu ya Paris ilikuwa ya watu 7. Kwenye marathoni Simbu, Geay, Magdalena Shauri na Jackline Sakilu, halafu judo Andrew Mlugu, na kuogelea Collins Saliboko na Sophia Latiff. Watu 7 kati ya watu zaidi ya milioni 60, ni wachache na inauma. Lakini wale wanne wa marathoni hakuna aliyewapa nafasi kwa huruma. Kila mmoja alikwenda kwenye mji wa watu akaitafuta kwa miguu yake.

Na angalia, wote wanne ni wa marathoni. Bayi alikuwa wa 1500 na viunzi, Nyambui wa 5000, Shahanga wa 10,000. Leo wako wapi wa uwanjani? Mbio za uwanjani zinataka uwanja wa tatani (ile sakafu ya mpira), kocha mwenye saa mkononi, viunzi, lile shimo la maji, mashindano ya kila wiki mbili. Marathoni inataka barabara na mlima, na barabara na mlima tunavyo, halafu ndiyo yenye hela huko nje, kwa hiyo kijana wa Mbulu au Singida mwenye akili anajua aende wapi. Simlaumu hata kidogo. Ila ile nchi iliyokuwa inatisha watu kwenye mizunguko minne imepotea bila mtu kuitangazia msiba.

Haya. Septemba 2025, ubingwa wa dunia wa riadha, Tokyo. Naomba niseme kitu kuhusu Tokyo kwanza. Mara ya kwanza kabisa nchi yetu kwenda Olimpiki ilikuwa Tokyo, Oktoba 1964, na tulienda kwa jina la Tanganyika, Muungano una miezi tu, na jina la Tanzania lilipitishwa tarehe 29 Oktoba, siku 5 baada ya michezo kufungwa. Uwanja waliopita mbele ya watu siku ile ya ufunguzi ulishabomolewa, na mahali pale pale ndipo ulipojengwa huu mpya. Baba hilo alilijua. Alinipigia simu wiki moja kabla akaniambia, mama, marathoni inaishia pale pale tulipoanzia. Yeye huniita mama toka nazaliwa maana nimepewa jina la mama yake.

Tarehe 15, wanaanza saa moja na nusu asubuhi ya kwao, kwetu saa saba na nusu usiku. Nikanunua bando la usiku, nikajifunika shuka kichwani na simu ili mwanga usimwamshe mtu. Hata kuanza kwenyewe hakukwenda sawa, mmoja alitoka kabla ya mlio wakarudishwa wote, marathoni! Sijawahi kuona. Joto lilikuwa kali, watu wakawa wanadondoka kwenye kundi mmoja mmoja, na Simbu yupo tu, hayuko mbele, hayuko nyuma, ametulia. Kilomita ya 30 yupo. 35 yupo. 40 yupo. Mimi tayari nimekaa kitako na shuka limeanguka. Wakaingia uwanjani watatu karibu karibu, Muitaliano Iliass Aouani, Simbu, na Mjerumani mzaliwa wa Eritrea, Amanal Petros, na kwenye ule mnyooko wa mwisho Petros akawa mbele.

Nikasema moyoni, wa pili. Tena. Nilishaanza kujiandaa, nilishaanza kusema fedha nayo ni heshima kubwa, na hapo Simbu akaanza kumla yule mtu hatua kwa hatua, ni mita chache tu zimebaki, wakafika mstarini pamoja, Petros akajirusha akaanguka chini, Simbu amepitiliza, na hakuna anayejua. Simbu mwenyewe alikuwa hajui. Wakaangalia picha ya mstarini. Muda wa wote wawili umeandikwa sawa sawa, 2:09:48, na picha ikasema Simbu, kwa sehemu 3 za mia za sekunde moja. Bingwa wa dunia. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye ubingwa wa dunia toka yaanze mashindano yale, kwa mtu ambaye alikuwa wa 5 Rio, wa 3 London 2017, wa 7 Olimpiki ya 2021, wa pili Birmingham, wa 17 Paris siku ile saluni, na wa pili Boston mwezi wa nne mwaka huo huo.

Saa tisa na dakika kama arobaini usiku nikampigia baba. Nilijua nitamwamsha na sikujali. Ikaita mara moja tu akapokea, alikuwa hajalala, kumbe redio na tivii hazikumpa kitu alikuwa amekaa na simu mkononi ananisubiri mimi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Sema."

"Wa kwanza, baba. Simbu wa kwanza."

Kimya. Nikasikia anavuta droo, nikasikia ule mpira wa baiskeli unavuliwa kwenye daftari, ule mlio naujua toka utotoni.

"Muda?"

"2:09:48."

Akaurudia polepole anaandika, tarakimu moja moja, na macho yake yale najua alikuwa ameinama pua inakaribia karatasi.

"Na wa pili?"

"Petros, wa Ujerumani. 2:09:48."

"Huo umeshanipa, mama. Nataka wa wa pili."

"Ndio huo, baba. Ni huo huo mmoja. Wote 2:09:48."

Akanyamaza muda mrefu mpaka nikaangalia simu kama imekata. Halafu nikasikia kalamu inaanza tena, na akaniomba nimtajie jina la yule Mjerumani herufi kwa herufi, asije akalikosea.